Mashine ilizima, sauti ikabaki

Jamani, naandika haraka haraka, nivumilieni nikikosea herufi.

Ile mashine yangu ya kuchimba bitcoin, sarafu ya mtandaoni, nimeifunga stoo, hapa hapa nyumbani Mikumi. Nachimba peke yangu, bila kujiunga na kundi la wachimbaji, nabahatisha tu. Inanguruma kama mashine ya kusaga na inatoa joto kali, hadi mama huanika humo nguo za mwanangu.

Leo asubuhi umeme ukakatika. Nikaingia kuiangalia.

Feni zimesimama. Kimya.

Lakini kuna kitu kinapumua. Ssss.

Nikainama nyuma ya mashine nikidhani waya unaungua.

Nyoka, swila! Kajikunja kwenye joto, kichwa juu, shingo imetanuka, ananitazama.

Mama alikuwa mlangoni, kafuata nguo za mtoto. Akasema taratibu, "Fumba macho, mwanangu. Huyo anatema sumu. Rudi nyuma, fuata sauti yangu."

Nikarudi kinyumenyume, sioni kitu, mama akiniita, "Njoo. Njoo." Aliponishika bega, nikakaa chini palepale.

Majirani walipokuja na fimbo, swila akatoka kupitia tundu nililotoboa ukutani kutolea joto. (Ndiyo, sikuweka wavu. Msinitukane.) Akapotelea majanini.

Sasa umeme umerudi, mashine imewaka yenyewe, inanguruma, sisikii kingine chochote.

Na mama kaniuliza, "Una hakika alikuwa mmoja?"

Nyie mnaojua nyoka, swila hukaa peke yake? Nijibuni haraka, nguo za mtoto bado zimo humo ndani.