Shahidi wa Pili Alikuwa Jaji

Asubuhi ile nilitoka River Road nimekumbatia vitabu vitatu vizito, hukumu za Jaji Namasaka zilizotoka kujalidiwa, gundi yake bado inanukia. Uchaguzi ulikuwa umepita siku mbili. Watu walinunua misumari na rangi, wakabishana juu ya kura, wakacheka. Jua lilikuwa laini. Nikilikumbuka leo naliona kama jua la mji mwingine.

Nilikuwa karani wake kwa miaka kumi na moja. Mimi ni mtu wa Lamu, na tangu mume wangu afariki niliishi katika nyumba ndogo ya uani kwake, mtaani Jamhuri. Yeye alitoka Bungoma. Nchi ilipojitawala alikuwa miongoni mwa mahakimu wetu wa kwanza, kijana aliyesikiliza kesi katika ghala la mahindi, majalada yake ndani ya gunia. Alipanda polepole mpaka akawa jaji. Hakuwa na mtoto. Alimlea Simiyu, mwana wa dada yake, akamsomesha, akamfundisha kufunga tai.

Jioni hiyo alicheza drafti barazani na jirani yetu Baba Njeri, fundi wa saa, mtu wa kabila lingine. Walicheza kila Jumamosi, kimya kabisa, kama watu wanaosali.

Kesho yake matokeo yakatangazwa. Kabla ya giza moshi ulikuwa umepanda upande wa mitaa ya mabanda, ukatanda juu yetu kama shuka ya kijivu. Ndege walinyamaza. Nilipitisha siku mbili kama niko chini ya maji, sauti zote zikinifikia kwa mbali.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mama Njeri aliingia na mabinti zake wawili kupitia ua wa nyuma. Jaji aliwafungia ndani ya chumba cha vitabu.

"Baba yao yuko wapi?" aliuliza.

"Amebaki kufunga geti."

Jaji akatoka. Nilimfuata.

Getini kwa Baba Njeri walikuwa wamekwisha ingia vijana kama ishirini, na mapanga.

Baba Njeri alikuwa ameshika komeo kwa mikono yote miwili.

"Mzee, rudi kwa nyumba," mmoja alimwambia Jaji. "Hatuna shida na wewe. Tunataka huyu."

"Huyu ni jirani yangu. Nendeni kwenu."

Ndipo nikamwona Simiyu. Jaji naye alimwona.

"Simiyu. Weka hiyo kitu chini, mwanangu."

Simiyu hakumtazama mjomba wake. Aliinua panga.

Mara moja tu.

Baba Njeri aliketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Vijana wakakimbia. Jaji alipiga magoti na kukishika kichwa cha jirani yake, akimwita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo sikuwahi kulisikia.

Miezi ikapita, barabara zikafunguka, Simiyu akakamatwa kwa kosa la mauaji. Mimi nilitajwa kuwa shahidi wa kwanza. Siku moja dada yake Jaji, mamake Simiyu, alikuja ofisini, mtu mnene wa sauti ya chini, akakaa bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Ndugu yangu, huyu karani ni mgeni. Wataona alikosea sura. Wewe ukinyamaza, mtoto atarudi."

"Nilikuwa hapo, dada."

"Najua ulikuwa hapo. Nakuomba."

"Miaka arobaini nimeapisha watu," Jaji alisema. "Wajane, watoto, watu walioogopa kuliko mimi. Nitawaambia nini?"

"Basi kwangu usije tena."

Alikuwa shahidi wa pili. Alipanda kizimbani bila joho, amevaa koti la kahawia, akaapa mbele ya jaji mwenzake aliyekuwa mdogo kwake. Alipoambiwa amwonyeshe aliyepiga, aliinua mkono kumwelekea Simiyu. Simiyu alifungwa maisha. Wiki hiyo hiyo Jaji aliniita nimpigie chapa barua ya kustaafu. Alisema hawezi tena kumhukumu mtoto wa mtu.

Aliishi miaka minne zaidi. Kila mwezi nilimsindikiza gerezani. Askari waliingia kumwita Simiyu, wakarudi peke yao. Jaji alikaa pale kwenye benchi, kofia magotini, mpaka muda wa wageni uishe, halafu tukaondoka. Hakulalamika hata siku moja. Njiani alipenda kuniuliza habari za Lamu, na mimi nilimsimulia.

Alipofariki, watu wa kwao hawakuja kumchukua. Tulimzika hukuhuku mjini, makaburini Lang'ata, sisi watu tisa, Mama Njeri miongoni mwetu. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha na jua linawaka. Tulipokuwa tunatawanyika nikamwona dada yake, amesimama mbali na wengine. Aliniita.

"Alikuwa akimtaja Simiyu?"

Nikamweleza juu ya benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa amejua. Mwanawe hakuwahi kumwambia. Akaweka mkono mdomoni, akaketi kwenye udongo mbichi na nguo zake nzuri.

Nimelipima jambo hili mara nyingi tangu siku hiyo. Nikiulizwa leo, ningesema tena niliyoyasema kizimbani, neno kwa neno. Lakini sijawahi kuyasema moyoni bila kumwona mama yule pale chini.

Siku ile Mama Njeri ndiye aliyemwendea. Hakumpa pole, wala hakumpa mkono. Alikunja sketi yake, akaketi kando yake kwenye tope, na mimi nikawasubiri.