Gari Lililong'aa la Likoni

Baba alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, baba mdogo alikuja nyumbani kwetu Likoni akatwambia tujiandae kugawanywa. Dada yangu angekwenda kwa shangazi Mikindani, na wadogo wetu wawili wangepelekwa bara kwa wajomba. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na shule nilikwisha kuiacha. Nikamwomba aniachie niwalee mwenyewe.

"Utawalisha nini, mwanangu? Upepo?"

Mwishowe alikubali tuuze minazi ya baba, ninunue gari la kubebea abiria. Ardhi haikuwa yetu. Minazi tu ndiyo iliyokuwa yetu. Gari likishindwa, alisema, atakuja kuwachukua watoto na hataki kusikia neno.

Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, lakini petroli ilikuwa bado ya kibali, ya kupimiwa. Kwa uwezo wetu palikuwa na magari mawili yaliyokuwa yakiuzwa. La kwanza lilikuwa la Kimarekani, kubwa, lililokuwa Changamwe, limejaa tope jekundu la safari za bara, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. La pili lilikuwa dogo, la Kiingereza, la karani mmoja jirani yetu hapa Likoni. Kila jioni karani yule alilichotea maji kisimani akaliosha mpaka watoto wakajitazama meno kwenye mlango.

Nilimwuliza fundi wa pale kivukoni.

"Lile kubwa lanywa petroli kama mlevi siku ya arusi," alisema. "Lakini spea zake zimejaa tele, na siku ukilichoka hukosi wa kulinunua. Hili dogo lanusa tu. Ila ingia chini yake kwanza, ulitazame tumbo."

Sikuingia. Kwetu mtu akienda kununua kitu cha maana huvaa vizuri, nami nilikuwa na shati jeupe la kanisani na suruali ya marehemu baba. Nililizunguka tu, nikalipapasa. Niliwaza kwamba gari linalotunzwa hivi, hata nikiliuza baadaye, bei yake haitaanguka. Nikalinunua.

Miezi ya kwanza tulikula vizuri. Lilitumia petroli kidogo kweli, kama fundi alivyosema. Jioni niliporudi nililiosha kama karani alivyoliosha, kwa maji ya kisima kilekile. Dada alinicheka: "Kaka, ungeoa ungemwosha mkeo hivyo?"

Kisha siku moja mama mmoja aliyepakia kuku alipiga kelele nyuma yangu. Sakafu ilikuwa imefunguka, naye alikuwa akiitazama barabara ikipita kati ya miguu yake.

Fundi alilala chini ya gari, akatoka na kipande cha chuma kilichovunjika mkononi mwake kama mkate mkavu. Akaniuliza naliosha kwa maji gani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa. Sisi wa Likoni twajua maji ya visima vyetu yana chumvi. Ndiyo maana hatuyapikii chai. Lakini hakuna aliyewahi kufikiria kwamba gari nalo layanywa.

Kuunga vyuma kuligharimu zaidi ya petroli yote niliyookoa, na vikaoza tena pembeni ya pale palipoungwa. Nikajaribu kuliuza. Wanunuzi walikuja wakalisifia rangi, wakainama, wakaondoka. Mwishowe alilichukua muuza vyuma chakavu, na fedha zake zilikwisha dukani tulikokuwa tukikopa unga.

Baba mdogo alitimiza neno lake. Alikuja na gari la kukodi, na nililitambua kwa ile kamba ya mlangoni. Tope lilikuwa bado limeligandia. Dada alipanda, kanga mdomoni. Wadogo waligombania dirisha, maana walikuwa hawajawahi kupanda gari kubwa namna ile.

Betri ilikuwa dhaifu. Dereva aliniomba, "Kijana, hebu nipigie hendeli."

Nikainama mbele ya gari nikaizungusha. Likawaka mara moja.