Alichokisema Ragna

Zama zile sinema hazina sauti, Valdemar Krogh alikuwa mwandika kadi za maneno ya sinema katika kiwanda kimoja cha picha nje kidogo ya Kopenhageni. Maneno yote waliyosoma watazamaji yalitoka mikononi mwake, meupe juu ya karatasi nyeusi. Mdomoni hayakutoka, hasa mbele ya Ragna Lindahl, mwigizaji.

Picha waliyokuwa wakiitengeneza ilihusu mchoraji anayempenda mwanamke asiyempenda, mpaka mwisho mwanamke anamrudia na kumnong'oneza. Ragna, aliyecheza mwanamke huyo, alimwambia Valdemar, "Siku ya kupiga mnong'ono huo, bwana Krogh, nitakayosema nakuambia wewe, si yule mwigizaji mwenzangu."

Mwanamume mzima wa miaka thelathini na nane, akaamini! Siku yenyewe alisimama kando ya kamera, lakini nyundo za mafundi waliojenga jukwaa la jirani zilimeza kila neno. Hakujali. Alikuwa na bango la picha hiyo la kuchora, na jina la Ragna aliliandika kwa herufi kubwa kuliko za wote. Akanunua na pete.

Jumapili ya onyesho la kwanza alikwenda na dada yake Dagny, kiziwi tangu utotoni, msomaji wa midomo asiyekosea. Dagny alipenda sinema kwa sababu waigizaji, wakijua hawasikiki, waliropoka lolote. Wenzake wakilia, yeye hucheka.

"Tai mpya! Unaoa leo?" alimtania kwa ishara.

"Huenda. Dada, Ragna akinong'ona, nipe neno kwa neno."

Ragna akatokea, machozi mashavuni, akamshika yule mwigizaji shingoni. Midomo ikacheza. Mikono ya Dagny ikabaki mapajani.

"Kasemaje?"

"Kasema anakupenda."

"Midomo imecheza muda mrefu, dada. Usinifiche."

Dagny akainua mikono polepole. "Kasema: 'Usicheke, utaharibu. Yule fala wa brashi anadhani naongea naye. Mwache amalize bango, jina langu litoke kubwa.'"

Hapo kadi ikajaa ukutani: MOYO WANGU NI WAKO. Ukumbi mzima ukalia. Valdemar aliona aibu, kisha hasira, kisha uchungu wa mtu aliyechezewa mchana kweupe. Pete ilimchoma mfukoni.

Mama mmoja jirani akampa leso. "Hata nyie wanaume yanawagusa, eh? Maneno matamu haya. Sijui yule binti kayatoa wapi."

"Hakuyasema yeye, mama," Valdemar akajibu. "Niliyaandika mimi."