Maharamia wa Nguo Nyeusi

Mimi mtu wa Mutsamudu, na ulimi wangu haujui breki. Mama alilijua hilo, ndiyo maana siku niliyopanda ndege Ouani kwenda kufundisha Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, alinishika mkono: "Mwanangu, huko kuta zina masikio. Fundisha, funga mdomo, urudi nyumbani kwako."

Nyumba yangu kweli ilikuwapo, maana kwetu binti hujengewa na wazee wake, mume ndiye anayehamia. Lakini kurudi! Kila nikiulizia uhamisho naambiwa subiri. Na ungesikika umesema neno baya, basi, hata hiyo subiri ungeikosa. Wengine walisema neno, wakaenda kulala jela.

Siku zile Moroni ilikuwa mikononi mwa wazungu mamluki na askari wao wa nguo nyeusi. Gari lao likipita, mazungumzo barazani hukatika, wanaume wazima wakatazama viatu vyao. Nilichukia. Hata kucheka, ugeuke nyuma kwanza.

Darasani nilikuwa na watoto wadogo, nikiwafundisha historia ya visiwa vyetu kwa mchezo. Somo likiisha, tunatoka uani kuliigiza. Tukafika somo la Ikoni, mji ulio hapo jirani tu: zamani maharamia kutoka kisiwa kikubwa cha Bukini walishuka kukamata watumwa, na wanawake wa Ikoni wakajirusha baharini kutoka juu ya jabali, afadhali kufa kuliko kuchukuliwa. Nikawaambia watakaokuwa maharamia waje na mavazi yao.

Nilitarajia vilemba na mapanga ya makuti. Lahaula! Wamekuja na fulana nyeusi, suruali wamezichomeka ndani ya soksi. Mkuu wao, kabinti kembamba, akawafokea wenzake kwa Kifaransa wainue mikono juu. Baba yake alikuwa askari wa nguo nyeusi, na uani kwetu kulikuwa wazi, barabara hiyo hapo.

Niliwaswaga ndani kama kuku walioona mvua. "Nani kawaambia mvae hivi?"

"Si ulisema maharamia, mwalimu?" kabinti kakanijibu kwa mshangao. "Maharamia huvaa hivi."

Wenzake wote wakaitikia kwa kichwa. Jioni ile kila mtoto alirudi kwao na hadithi yake. Maji yalikwisha kumwagika.

Asubuhi gari likasimama mbele ya shule, mzungu kwenye usukani. Mkuu wa shule alichungulia, akarudi ofisini, akafunga mlango kwa ufunguo. Ahsante sana, kaka! Baba wa yule kabinti akashuka, akaja mpaka mlangoni kwangu, kofia mkononi. Nikajisemea, kwaheri Mutsamudu, kwaheri mama.

"Mwalimu, mwanangu ananiambia yeye ndiye mkuu wa maharamia."

"Ni mchezo wa watoto tu, bwana."

"Mbadilishie." Aliongea chini chini, akiitazama barabara. "Mtie kwa wale wanawake."

Ningenyamaza, yangekwisha. Lakini ulimi wangu huu! "Bwana, wale wanawake wanajirusha jabalini. Wanakufa."

"Najua, mwalimu," akasema. "Mimi mtu wa Ikoni."

Mzungu akapiga honi. Yule baba akavaa kofia yake haraka, akakimbilia garini.