Simu ya Daraja la Chini

Mjukuu wangu ni mwanajeshi. Nalitanguliza hilo ili ujue unaongea na nani hapa Tinde. Baba yake alifukiwa na duara, lile shimo la dhahabu, machimboni Geita, mtoto angali ananyonya. Tukamlea mimi na babu yake, kwa pamba na maziwa. Leo anakaa kwenye mitambo ya simu za jeshi, kambi ya mbali, ambako hizi simu zetu za mkononi hazishiki mtandao.

Alipokuja likizo alitueleza. Simu za jeshi zina vyeo kama wenyewe. Kuna ya kawaida, ya kipaumbele, ya haraka, ya hatari, na juu kabisa ile ya wakubwa wa mwisho. Njia zikijaa na ya juu ikaja, ya chini inakatwa. Unasikia mlio, basi, uko nje.

"Kama lambo wakati wa kiangazi," mzee wangu akasema. "Ndama anakunywa, dume likija linamsukuma."

"Hapohapo, babu. Nami nikiwapigia, ninyi ndio ndama."

"Ndama ni bibi yako. Mimi dume."

Masika yaliyofuata, dume likalala. Tumbo likavimba, hospitali wakasema turudi naye nyumbani. Neno hilo halihitaji shule kulielewa. Akabaki na haja moja: ambariki mjukuu kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kuwa baba hana. Tukatuma habari kambini. Ruhusa ya kuja haikutoka, ila asubuhi moja simu yangu ikalia.

"Shikamoo bibi. Mkubwa wangu kaniruhusu nipige, lakini hii ni ya kawaida. Mpe babu upesi."

Nikaiweka sikioni kwa mzee. Sasa sisi Wasukuma, neno zito halitangulii salamu. Baraka bila salamu ni kelele tu.

"Mwangaluka," mzee akasema.

"Mwangaluka, babu. Nibariki, njia hii…"

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Na wenzako?"

"Wazima, babu. Fanya upesi."

"Upesi wa nini? Huko mnasalimiana mkikimbia? Mvua imenyesha?"

Mlio. Kisha kimya.

"Amekata?" mzee akaniuliza.

"Amekatwa."

"Na nani?"

"Na mkubwa."

Akanitazama kwa yale macho yaliyogeuka manjano. "Mkubwa kuliko mimi?"

Akalala na simu kifuani, hataki mtu aiguse. Haikulia tena. Tulimzika wiki ileile, na mjukuu alifika udongo wa kaburi umeshakauka.

"Mbona hukubonyeza ile ya haraka?" nikamuuliza. "Si mtambo ni wako?"

"Nawabonyezea wengine, bibi. Mimi sina kibali. Haraka ni ya kazi, siyo ya babu wa mtu."

"Na aliyekukata alikuwa na shida gani?"

"Sijui. Haturuhusiwi kusikiliza."

Akaenda kaburini na sare yake, akapiga magoti.

"Imenyesha, babu," akasema. "Imenyesha sana."

Akatulia, kichwa kakiinamisha, kama anayengoja swali linalofuata. Nikamwacha angoje. Jua lilipoanza kumchoma shingo nikamshika bega.

"Inuka, mume wangu. Unachafua suruali ya serikali."