Neno VITA Katika Safu ya Tarehe

Mwaka 2001, mwezi wa Novemba, msimu wa senene, nikiwa na umri wa miaka arobaini na minne, kompyuta ya ofisi yetu mjini Bukoba ilikataa kunipa majina ya yatima wa Muleba. Nilikuwa mtunza kanzidata wa shirika dogo la kanisa. Kazi hiyo niliipata baada ya kumaliza kidato cha nne mwaka 1996, nikiketi dawati moja na wasichana walioniamkia kila asubuhi kabla hatujafungua madaftari. Sikuona aibu wakati ule na sioni sasa.

Taarifa za Muleba zilikaa katika kompyuta ya tawi letu la huko, nasi tulizisoma kwa kuunganisha kompyuta hizo mbili kwa laini ya simu. Swali langu lilikuwa moja: ni kaya zipi ambazo watu wazima wake wote wamekufa, akabaki bibi na wajukuu? Watoto wa kaya hizo ndio waliotengewa nafasi za shule mwezi wa Januari. Swali lilikwenda, likakawia, likarudi limekatika, na kwenye skrini yakatokea maneno kwamba aina ya data hailingani.

Kwanza nililaumu mvua, kwa kuwa nguzo za simu za njia ya Kemondo zilikuwa zikianguka kila radi ilipopiga. Lakini hata siku za jua kali jibu lilikuwa lile lile. Nikampigia mwenzangu wa Muleba.

"Huku kwetu swali hilo hilo linajibiwa vizuri," alisema. "Labda kompyuta yenu ya mjini ina maringo."

"Maringo ni yetu sisi Wahaya. Usiisingizie kompyuta."

Alicheka, lakini alikuwa amenipa fununu. Kama swali lilikuwa zima kule na likafa njiani, basi kulikuwa na kitu ambacho Muleba walikikubali na sisi tulikikataa. Nikaligawa jedwali nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ikapita. Nusu ya pili ikakwama. Nikaigawa tena, na tena. Kila nilipogawa nilisoma safu ya tarehe za kufa, na nyingi sikuzihitaji kuzisoma, maana nilikuwa nimezitembelea kwa miguu yangu. Mwaka 1988, 1990, 1992. Kulikuwa na Jumamosi ambazo tulizika asubuhi kijiji hiki na mchana kijiji cha pili, bila kubadili kanga.

Mwisho ukabaki mstari mmoja. Katika safu ya tarehe hapakuwa na tarehe. Palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: VITA. Nikatazama jina upande wa kushoto. Lilikuwa la mume wangu.

Aliondoka na mgambo siku ya Jumatano, tarehe 10 Januari 1979, kuvuka mpaka kwenda vitani. Hakurudi, na barua ya kuniarifu kifo haikuja. Mara mtu alisema amemwona Masaka, mara mwingine akasema alimwacha akitetemeka kwa homa kando ya barabara. Mwaka 1985 mdogo wake alikuja kutaka kunirithi. Nilimwambia anionyeshe kwanza tarehe aliyokufa ndugu yake. Hakuwa nayo, akaoa kwingine. Mwaka 1992 ukimwi ulimchukua yeye, na mke wake akamfuata mwaka uliofuata. Watoto wao watatu walilelewa na mama mkwe wangu karibu na Rubya. Nimewahi kukaa peke yangu nikawaza kwamba mtu asiye na tarehe ndiye aliyeniacha hai.

Sasa nilielewa hitilafu. Kompyuta ya Muleba iliruhusu maneno katika safu ile. Yetu ilikuwa imetazama mistari michache ya juu, ikaona tarehe pekee, ikaamua safu nzima ni ya tarehe. Ilipofika kwa mume wangu ikaangusha kila kitu. Niliamuru swali liruke mstari wake, na majina ya watoto wengine yakatoka yote. Waliokosekana ni wale watatu wa mama mkwe, kwa kuwa mume wangu alikuwa ameandikwa katika kaya yao.

Mkuu wa ofisi, kijana Mlutheri mwenye heshima, alisimama nyuma ya kiti changu.

"Mama, futa hilo neno, acha pabaki wazi."

"Pakiwa wazi, mashine inahesabu kwamba yu hai. Kaya itaonekana ina mwanamume, na watoto wataachwa."

"Basi weka tarehe yoyote ya mwaka sabini na tisa. Nani atajua?"

"Mimi."

Hakubishana. Alinipa muda hadi mwisho wa Januari.

Nilikwenda kwa mama mkwe. Nilimkuta kibanjani akikata majani makavu ya migomba. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza. Ndiye aliyekuwa amemjibu karani wa tawi letu la Muleba. Alipoulizwa mwanawe mkubwa alikufa lini, alisema, "Vita," na karani akaandika alichosikia.

"Kwa hiyo umesoma mpaka uzeeni," aliniambia, "ili uje umuue mwanangu kwa kidole?"

"Waitu, mama yangu, ningetaka kumuua ningekuwa nimeshamwandika. Nisingepanda gari kuja kukuuliza."

"Wewe unaitwa mjane. Unatembea umenyooka, watu wanakusifu. Mimi nimezika wanne. Huyu sijamzika. Huyu ndiye niliyebaki naye."

Tuliketi mpaka watoto watatu wakarudi kutoka kuteka maji, wakatusalimu mmoja mmoja, wakaingia ndani. Ndipo nikamwambia alichonieleza karani wa mahakama: sheria inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka mingi atamkwe kuwa amefariki, iwapo wale ambao angewapelekea habari watakuja kusema.

"Sitasema amekufa."

"Hawatakuuliza kama amekufa. Watakuuliza kama umepata habari zake."

Aliinuka, akakata jani lingine kavu. "Hilo naweza kulijibu," alisema.

Shauri lilisikilizwa Muleba siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002. Mama mkwe alisimama akiwa amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani. Hakimu alimuuliza kama amewahi kupata barua, salamu au mtu wa kumletea habari tangu mwanawe aondoke. Alijibu hapana. Aliulizwa mara ya pili, akajibu hapana kwa sauti ile ile. Kisha niliulizwa mimi, nami nikajibu hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza nilisikia jibu hilo likitoka kinywani mwangu mbele ya watu.

Hakimu alitamka kwamba mume wangu amefariki. Niliomba iandikwe tarehe ya mwaka 1979. Alikataa kwa upole: mahakama haijui alikufa siku gani, na haiwezi kuandika isichokijua. Tarehe itakayotumika ni ya leo.

Mama mkwe alinyanyua mkono. "Kwa hiyo jana alikuwa hai?"

Karani aliinama kuficha uso. Hakimu alimjibu, "Kwa sheria, Mama, mpaka jana alikuwa hajafariki."

Mama mkwe aligeuka akanitazama, akaniambia kwa Kihaya, taratibu, "Umesikia mwenyewe." Kisha akaketi. Miaka ishirini na mitatu watu walikuwa wamemcheka kwa kumngoja mwanawe, na sasa mwenye mamlaka alikuwa amekiri kwamba hakukosea. Nilipomshika mkono ulikuwa baridi, nao ulibaki ndani ya wangu.

Karani alituita mezani. Mama mkwe aliweka dole gumba. Mimi nilitia sahihi, na mahali palipoandikwa hali ya ndoa nikaandika: mjane, tangu leo.