Kabla ya Mchujo wa Magongo

Enzi zetu, mvua ya kwanza ikinyesha Tabora, hakuna mtoto aliyekaa ndani. Tulikuwa vichuguuni, kila mmoja na kopo lake, tunangoja kumbikumbi watoke. Wengine tuliwala hapohapo wabichi, mbawa zikabaki kwenye meno. Wengine mama aliwakaanga kwa chumvi bila mafuta, maana mafuta yao wenyewe yanatosha. Mama alikuwa akisema, "Mwenye haraka hula mbawa." Mimi mbawa nimezila nyingi sana maishani.

Sasa, kumbikumbi wakichelewa tulichokoa kichuguu, na fimbo nzuri ya kuchokolea ni ile iliyopinda mwishoni. Ndivyo tulivyopata magongo. Makalasinga wa reli walicheza mpira wa magongo jioni kwenye kiwanja chao, sisi tunachungulia uani, vilemba vinakimbia, mpira unalia ko, ko. Tukarudi mtaani na fimbo zetu za vichuguu na mpira wa mzizi wa kuchonga. Mwaka mzima magoko hayakupona.

Mlinda goli wetu alikuwa Mhina, Mzigua, baba yake fundi wa reli. Mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo tulikuwa watani tangu tumboni, na mtani, kwa wasiojua, ana ruhusa ya kukutukana, kukubebea kuku wako, hata kukulilia msiba ungali hai. Ukikasirika, wewe ndiye mshamba. Kila ikija mechi ngumu Mhina alitetemeka golini. Nami namtandikia kanga ya mama kama sanda, namlilia: "Mzigua kafa! Nani atakula mihogo yake?" Naye anajibu: "Mnyamwezi wewe mpagazi, nibebe basi!" Watu wanacheka, woga unakwisha, tunacheza.

Nimezunguka, najua. Darasa la nne hawakutufundisha kufupisha.

Birmingham, huku Uingereza, tulikutana tena tukiwa na mvi. Mimi napanga maboksi kwenye ghala moja la Nechells, yeye ana nyumba Erdington, na mwanawe Rashidi, kijana mzima mwenye ndevu, ni mlinda goli wa timu ya magongo ya hapo. Misimu sita nilikuwa shabiki wao. Natoka kazini mgongo umekufa, napanda basi, nasimama nyuma ya goli la Rashidi kwenye mvua. Na wachezaji wenyewe hao! Kinga ya meno, kinga ya ugoko, kinga ya vidole, chupa tatu za maji. Kwetu kinga ilikuwa kuruka.

Mwaka ule, elfu mbili na kitu, tukafika mechi ya mchujo. Jumapili, sisi na watu wa Sutton Coldfield. Anayeshinda anapanda daraja, anayeshindwa anabaki na matope yake. Sutton walikuwa na mpigaji wa kona fupi, ile adhabu ya karibu na goli, anautuma mpira chini kabisa, kushoto kwa kipa, na Rashidi kushoto ni mzito. Lakini Mhina alikuwa ameniahidi: "Ndugu yangu, Jumapili unakaa benchi na sisi. Kusimama kwenye mvua basi." Hilo tu ndilo nililotaka. Kukaa na watu wangu siku hiyo.

Jumamosi mchana, mazoezi ya mwisho, nikamkuta Rashidi kapauka, mikono inatetemeka ile ile ya baba yake. Nilikuwa nimekuja na shuka jeupe, maana damu hiyo naijua. Nikalitandika kwenye mstari wa goli, nikapiga magoti, nikaangua kilio: "Mzigua kafa jamani! Kona moja tu imemmaliza!"

Rashidi Kiswahili anakielewa, kukijibu ndiyo shida. "Uncle, what's wrong with you?"

Mama mmoja Mkenya, nesi, aliyemleta mwanawe, akapiga kelele: "Ai! Huyu mzee anatulogea watoto! Ashindwe!"

Nikacheka. Nikamgeukia Mhina pale pembeni. Zamu yake. Neno moja tu, aniite mpagazi, kila mtu ajue ni utani. Nikamngoja, magoti yangu kwenye maji.

Mhina akatazama viatu vyake. Kisha akamwambia kocha kwa Kiingereza, akidhani sielewi, kwamba wanisamehe, mzee huyu hakusoma. Mimi akaniambia, "Kesho bora upumzike nyumbani."

Vijana siwalaumu. Enzi zetu mtoto alimjua mtani wake kabla hajajua kuhesabu. Wa siku hizi ana namba za simu za dunia nzima na hana hata mmoja wa kumlilia. Nani aliwafundisha? Lakini Mhina alijua. Alijua kila neno, akanionea haya.

Nikasimama. Shuka nikaliacha hapohapo. Nikakata kiwanja katikati, wamesimama na magongo yao, hakuna aliyeniita. Nikatoka getini. Jumapili sikwenda, wala Jumapili nyingine yoyote.